Kigawacheche: Jina la Chombo na Kazi Zake

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa vitabu vya ufundi wa magari ni jina la chombo ambacho mafundi wetu hukiita distributa. Mfasiri aliyezoea barua za biashara hukimbilia neno msambazaji, na matokeo yake ni sentensi inayomwagiza fundi afungue kofia ya msambazaji kwa bisibisi! Vyombo tumezoea kuviweka katika ngeli ya ki-, kama kipimajoto na kipaza sauti. Hata hivyo, tukisema kisambazaji bado hatujafika, kwani kinachosambazwa, mathalani habari, huenea kote kwa pamoja. Chombo hiki hakifanyi hivyo. Hufanya kama mtu agawaye karata: humpa huyu, kisha huyu, kila mmoja kwa zamu yake. Ndiyo maana twapendelea kitenzi kugawa. Kigawaumeme tumekikataa, maana msomaji angefikiria nguzo na nyaya za mitaani.

Historia yatuonyesha kwa nini chombo hiki kilihitajika. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, lilikuwa na koili nne, moja kwa kila silinda. Na dereva mwenyewe aliwahisha au kuchelewesha cheche kwa mkono, kwa wenzo uliokuwa chini ya usukani. Mtambo ulioenea baadaye, unaohusishwa na jina la Charles Kettering, mmoja wa waanzilishi wa Delco mjini Dayton, Marekani, mwaka 1909, ulitumia koili moja kwa silinda zote. Koili ikiwa moja na plagi nne, sharti pawepo mgawaji.

Lakini jina hilo latuficha jambo. Ndani ya chombo hicho hicho mna pointi, ambazo hukata mkondo wa umeme ili koili itoe cheche; na mna pia mtambo uliochukua kazi ya ule wenzo wa dereva. Mafuta huhitaji muda kuungua, hivyo injini ikizidi kasi cheche nayo lazima iwahi zaidi. Baadhi ya vigawacheche huiwahisha kwa vizito vinavyotanuka nje kwa kasi ya mzunguko, vingine kwa ombwe litokalo kwenye kabureta, na vingi kwa njia zote mbili.

Hapa ndipo mwenye kufufua injini kuukuu hupotea. Tuchukue Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962. Beetle nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na kigawacheche kiwahishacho kwa ombwe peke yake, na kabureta yake ilipangwa kulingana nacho. Mtu huondoa hicho, akaweka Bosch 009, chenye vizito bila ombwe. Kinaingia barabara, kinazunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krankishafti, kinagawa cheche bila kosa. Lakini akikanyaga mafuta ghafla gari lasita, kwa kuwa vizito hungoja injini ishike kasi kwanza. Mwenye gari huilaumu kabureta, akaifungua mara tatu, na fedha zikamwishia. Kitabu kilichomwambia tu kwamba chombo hicho “hugawa” hakikumsaidia.

Kwa hiyo twapendekeza kigawacheche kwa chombo kizima, kikatamkondo kwa pointi pamoja na kitako chake, na kiwahishacheche kwa mtambo wa vizito au wa ombwe. Fundi na aendelee kusema distributa gerejini. Hatuna ugomvi naye. Lakini mfasiri aandikapo maelekezo ya kuchagua kipuri, aeleze waziwazi ni kiwahishacheche cha namna gani.

Magari mapya ya petroli kwa kawaida hayana tena kigawacheche. Yamerudia koili moja kwa kila silinda, kama Model T, ila wenzo wa dereva umeachiwa kompyuta.