Kabla Sijaikata Harvard

Najua nimepotea siku nyingi. TP ilinimeza mzima mzima, na sasa nimerudi chuoni nikiwa na deni. Si deni la mkopo (hilo nalo lipo, tuliache). Ni deni la swali.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafundisha historia kidato cha nne, Vita vya Pili vya Dunia, nikafika Pearl Harbor. Nikaona leo niwafurahishe watoto. Nikachapisha picha moja kubwa ya rangi: ndege za Kijapani aina ya Zero zinapita juu ya milima ya kijani, duara jekundu kwenye bawa, jua la asubuhi linawaka. Nikaibandika ubaoni. Darasa likatulia tuli. Kisha kijana mmoja wa nyuma kabisa, wale ambao huwa hawanyooshi mkono muhula mzima, akauliza:

"Mwalimu, hiyo picha ilipigwa na nani?"

Nikajibu haraka haraka, "Wajapani wenyewe."

"Mwaka wa 1941? Kwa rangi safi hivyo? Na mpiga picha alikuwa amepanda ndege gani?"

Wacha niwe mkweli, kengele ndiyo iliyoniokoa.

Usiku huo nilitafuta mpaka nikaipata. Picha ilitoka kwenye filamu ya Tora! Tora! Tora! ya mwaka 1970. Na ndege zenyewe, jamani, hata hazikuwa Zero. Nilikuwa nimewaonyesha watoto wa watu ndege ya mafunzo ya Marekani iliyopakwa rangi ya adui, nikawaambia, huyu hapa ndiye adui.

Haya, historia yenyewe kwa kifupi. Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilishambulia kituo cha jeshi la majini la Marekani kule Hawaii kwa ndege zaidi ya 350 zilizoruka kutoka meli sita za kubeba ndege. Wamarekani 2,403 wakafa. Ndege zilikuwa za aina tatu: Zero ya kivita, na zile ambazo Wamarekani walizibatiza Kate (ya kubeba topido na mabomu) na Val (ya kushuka wima na kuangusha bomu). Zero ilitengenezwa zaidi ya 10,000. Lakini vita vilipokwisha, nyingi zilikuwa zimeanguka baharini au zimekatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Watengenezaji wa filamu walipozitafuta mwishoni mwa miaka ya 1960, zilizobaki zilikuwa za kuhesabu, na za kuruka ndiyo usiseme.

Wakafanya nini? Wakaenda kwenye ndege zilizokuwa nyingi na za bei nafuu, zile za kufundishia marubani. Moja ni T-6 Texan, ambayo Waingereza na Wakanada waliiita Harvard. Hiyo ilitengenezwa zaidi ya 15,000. Nyingine ni BT-13. Harvard zikabadilishwa kifuniko cha injini, kioo cha rubani na mkia, ncha za mabawa zikafanywa za mviringo, zikawa Zero. BT-13 ambayo magurudumu yake hayakunjwi ikavishwa viatu vikubwa vya magurudumu, ikawa Val, kwa sababu magurudumu ya Val nayo hayakunjwi. Kate ndiyo kichekesho: mbele ni Harvard, nyuma ni mkia wa BT-13, katikati pamerefushwa. Ni kama matatu iliyounganishwa gereji kutoka magari mawili, na bado inabeba abiria.

Filamu ikapata tuzo ya Oscar kwa madoido yake ya picha. Vipande vyake vikatumika tena kwenye filamu ya Midway ya 1976. Baadhi ya zile ndege za bandia bado zinarushwa kwenye maonyesho ya ndege Marekani. Kwa hiyo ukifunga macho sasa hivi ukaiona Pearl Harbor kichwani, kuna uwezekano mkubwa kwamba unaiona Harvard.

Sasa tuingie kwenye uraibu wangu mpya. Mjomba alipokuja likizo kutoka Toronto aliniletea boksi la modeli: Harvard ya plastiki, kipimo cha 1/72. Ndani kuna fremu ambazo vipande vimeshikana kama ndizi kwenye mkungu, karatasi ya maelekezo, na stika za kulowesha majini. Ndipo nikagundua kwamba kuna watu duniani, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, wanaochukua boksi kama hili na kuligeuza. Hawaligeuzi kuwa Zero ya kweli, maana modeli za Zero zimejaa madukani. Wanaligeuza kuwa Zero ya filamu. Yaani modeli ya ndege halisi inayojifanya ndege nyingine. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikaona hawa jamaa wana nidhamu kuniliko mimi niliyesomea historia miaka mitatu.

Angalia hesabu. Mabawa ya Harvard kutoka ncha hadi ncha ni mita 12.81, gawanya kwa 72 unapata milimita 178. Ya Zero iliyoshambulia Pearl Harbor ni mita 12, yaani milimita 167. Urefu wa Harvard ni milimita 123, wa Zero 126. Tofauti ya kidole tu! Ndiyo maana ujanja ule ulifaulu kwenye skrini.

Kazi inakwenda hivi. Unakata ncha za mabawa kwa msumeno mwembamba kama wembe. Unabandika vipande vya plastiki bapa, unajaza nyufa kwa puti, unasubiri ikauke, unapiga msasa mpaka ncha iwe mviringo. Kifuniko cha injini unakichonga upya. Kioo cha rubani ndicho kinachotoa watu jasho: unachonga umbo lake kwa mbao, unalivisha kipande cha chupa ya maji ya plastiki, unalipasha moto taratibu mpaka plastiki inywee na kulishika. Nimejaribu mara nne kwa jiko la rumeti wangu. Mara tatu nilipata kitu kama chapati iliyoungua.

Halafu rangi. Hapa napo kuna elimu. Kila meli ya Kijapani ilikuwa na alama yake kwenye kiwiliwili cha ndege: Akagi mstari mmoja mwekundu, Kaga miwili mekundu, Soryu mmoja wa buluu, Hiryu miwili ya buluu, Shokaku mmoja mweupe, Zuikaku miwili meupe. Ukikosea rangi umehamisha rubani kutoka meli moja hadi nyingine.

Lakini sheria kubwa kuliko zote ni hii: usiifanye ifanane sana na Zero. Ukishawishika ukanyoosha kila kitu kiwe cha Zero, umeharibu kazi, kwa sababu ile ya filamu chini ya rangi ilibaki Harvard. Lazima Harvard ionekane kwa anayejua kutazama. Modeli nzuri ni ile inayokiri.

Si Wamarekani peke yao waliocheza mchezo huu. Filamu ya Uingereza ya Battle of Britain, ya 1969, ilihitaji Messerschmitt za Wajerumani. Zikapatikana Hispania, ambako zilikuwa zikitengenezwa kwa leseni na kuitwa Buchón, jina la njiwa mwenye kifua kilichofura. Kifua kilifura kwa sababu ndani mlikuwa na injini ya Rolls-Royce Merlin, ya Waingereza, ukoo uleule wa injini za Spitfire! Kwa hiyo kwenye filamu ile "Mjerumani" na Mwingereza wanafukuzana angani wote wakinguruma kwa Merlin. Anayetaka kuijenga ndogo huchukua modeli ya Messerschmitt, akaikata pua, akaichongea kidevu kinene. Akiiacha na pua ya Kijerumani, hiyo si ya filamu tena.

Mnaweza kusema haya ni mambo ya kitoto. Basi sikieni. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliziomba shule za sekondari zichonge modeli za ndege 500,000 kwa ajili ya jeshi la majini. Kipimo kilikuwa hichihichi, 1/72. Sababu ni hesabu tu: modeli ya 1/72 ukiiweka mita 11 kutoka kwako, jicho linaiona kama ndege halisi iliyo karibu mita 800. Wanajeshi walifundishwa kwa modeli hizo kutofautisha ndege ya adui na ya rafiki kwa umbo peke yake, kabla hawajafyatua risasi. Wanafunzi wa sekondari, umri wa yule kijana wangu wa nyuma, walikuwa wanachonga kifaa cha kufundishia ambacho kosa lake lingeweza kuua mtu. Kila nikikumbuka picha yangu ubaoni naona aibu.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa safi: nigeuze Harvard iwe Zero ya filamu, niende nayo darasani mwaka ujao, niwaambie wanafunzi watafute mahali inapodanganya. Nikachora mistari ya kukata kwa penseli. Nikaweka msumeno tayari. Kisha, kwa kuwa tumefundishwa kusoma chanzo kabla ya kukitumia, nikaona nisome kidogo habari za Harvard yenyewe. Sio Zero. Harvard.

Nikakutana na Kenya.

Machi 1953, miezi mitano baada ya hali ya hatari kutangazwa, jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi kilichoitwa 1340 Flight kwa ajili ya vita dhidi ya Mau Mau. Ndege zake zilikuwa Harvard. Zilianzia Thika, baadaye zikahamia Mweiga, pale karibu na Nyandarua. Ndege ya mafunzo ilifungwa bunduki na mabomu madogo ya takriban ratili 20, ikatumwa juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mau Mau hawakuwa na ndege hata moja, kwa hiyo mwendo wake wa polepole haukuwa tatizo. Mabomu makubwa yalikuja baadaye, mwishoni mwa 1953, na ndege kubwa za Lincoln. Kikosi cha Harvard kiliendelea mpaka 1955.

Niliisoma sehemu hiyo mara mbili. Boksi lilikuwa mapajani.

Ndege hii haikuhitaji kuvaa nguo za mtu ili iwe ya kivita. Ilishakuwa, miaka kumi na saba kabla ya ile filamu, na ilikuwa kwetu. Nami nilikuwa karibu kuikata mabawa niifanye mwigizaji wa vita vya watu wengine. Na miaka yote ya kusoma Mau Mau, shule ya msingi hadi chuo, sikumbuki kuonyeshwa picha ya ndege hata mara moja. Tulikariri majina ya viongozi na tarehe. Juu ya miti hatukutazama.

Likizo fupi nikaenda nalo nyumbani kwa shosho, upande wa Nyeri. Wakati ule alikuwa msichana mdogo wa kuchota maji. Nikamwonyesha picha iliyo juu ya boksi, Harvard imepakwa manjano ya shule ya marubani, inapendeza kweli. Nikamuuliza kama anaikumbuka. Aliitazama muda mrefu, akanirudishia boksi. Akaniambia kwa Kikuyu, tafsiri ni yangu:

"Hiyo siijui. Sisi hatukuziangalia. Tulizisikia."

Nikamuuliza zilikuwa zinaliaje. Akasema zilikuwa zinalia kama kitu kinachopasuliwa, kitambaa kikubwa, na kwamba mama yake alikuwa akizima moto wa jikoni, hata kama uji haujaiva. Halafu akaniuliza kama nimekula. Hayo ndiyo yote niliyopata, na sikumsukuma.

Baadaye nilisoma kwamba Harvard inajulikana duniani kote kwa mlio wake, kwa sababu ncha za rafadha yake huzunguka kwa kasi kubwa mno. Modeli ya 1/72 haitoi sauti. Hilo nalo nitawaambia wanafunzi.

Kwa sasa mistari ya penseli nimeifuta na mabawa ni mazima. Naijenga Harvard iwe Harvard, bila manjano, bila duara jekundu. Zero ya filamu nitaijenga siku nikipata boksi la pili, na nitaziweka mbili hizo mezani bega kwa bega, mita 11 kutoka dawati la mwisho.

Yule kijana nimemwandikia barua kupitia kwa mwalimu wake. Nimemwambia picha ilipigwa na watu wa filamu, karibu miaka thelathini baada ya tukio, na kwamba yeye alikuwa sahihi nami nilikosea. Nikamuongezea kazi ya nyumbani. Nimemtumia nakala ya picha nyingine, safari hii ya kweli: Harvard iko juu ya msitu wa Kenya, imepigwa kutoka angani. Shosho wangu hana picha hata moja ya miaka ile. Kwa hiyo swali ni lilelile lake: hiyo picha ilipigwa na nani, na alikuwa amepanda ndege gani?

Nangoja jibu lake. Na ninyi makomredi wa historia, kabla hamjaenda TP, angalieni mnachobandika ubaoni.