Kamera juu ya mikoko ya Rufiji

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege za majini. Joto lilizitaabisha mno, hata kupaa ilikuwa kazi, lakini Aprili 1915 rubani Cull alirudi na picha. Tarehe 11 Julai habari ya meli ile ikaisha.

Kamera ya siku hizo ilikuwa mali ya mwenye ndege. Mkulima wa mpunga kule chini, nani alimwuliza?

Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoifunika Rufiji na Kibiti, wanavijiji wenyewe walipiga picha kwa simu zao. Ni hatua kubwa, sikatai. Lakini simu haimlindi mwandishi. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Habari za gari jeupe lililomchukua tulizipata kwa maneno ya mkewe, si kwa kamera.