Bodi mama ya kubadilishia: uthabiti na kuzidisha kasi katika soketi ya AM4

Bodi mama, ambayo mafundi wengi huiita mazabodi, hubeba prosesa, kumbukumbu na kadi za kompyuta na kuzigawia umeme. Ikifa huku prosesa na kumbukumbu zingali nzima, mwenye mashine hutafuta bodi nyingine itakayozipokea. Makala hii inachukua mfano wa soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2016 na kuenea baada ya prosesa za Ryzen kuingia sokoni Machi 2017. Ilidumu miaka mingi, hata Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022 inakaa humo. Lakini kukaa ndani ya soketi si kuwaka: tundu za pini 1331 ni zilezile kwenye kila bodi ya AM4, ilhali kila bodi ina orodha yake ya prosesa inazozitambua.

Orodha hiyo hutegemea BIOS, yaani programu ya bodi yenyewe. Bodi za chipseti ya B350 za mwaka 2017 zinaweza kupokea Ryzen za mfululizo wa 5000, ila kwa BIOS mpya tu. Kwa upande mwingine, bodi mpya zaidi huzikataa prosesa za zamani. B550 ya mwaka 2020 haikuundwa kwa ajili ya Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000, wala haiikubali rasmi Ryzen 5 3400G, ambayo jina lake ni la mfululizo wa 3000 lakini viini vyake ni vya kizazi kilichotangulia. Mnunuzi asome orodha ya bodi ileile anayoilenga, pamoja na namba ya toleo la BIOS. Bodi inayoweza kupakiwa BIOS kwa flashi bila prosesa inastahili kulipiwa zaidi kidogo.

Jambo zito kuliko yote ni umeme wa prosesa. Pawa saplai huleta volti 12. Prosesa inataka volti moja na ushee. Kazi ya kushusha volti hizo hufanywa na safu ya transista, koili na kapasita zilizopangwa kandokando ya soketi kwa makundi yaitwayo awamu. Prosesa ya AM4 iliyoandikwa wati 105 huruhusiwa kwa mipangilio ya kiwandani kufika wati 142, na kwa volti 1.3 hizo ni zaidi ya ampea 100. Kuzidisha kasi, yaani kuiendesha prosesa kwa gigahetsi zaidi ya zile za kiwandani, huongeza mzigo huo kwa haraka, kwa sababu matumizi ya umeme hukua sambamba na kasi, na hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Ukitoka volti 1.2 hadi 1.35 bila kugusa kasi, umeshaongeza wati kwa zaidi ya robo. Transista zikipata joto kupita kiasi, bodi huishusha prosesa kasi, au mashine huzimika katikati ya kazi.

Kwa hiyo idadi ya awamu za umeme inayochapishwa kwenye boksi haitoshi kuamulia. Awamu nne za transista bora, chini ya pande zito la alumini, zinaweza kuzishinda awamu nyingi za transista dhaifu. Bodi ndogo ya B450 isiyo na alumini juu ya transista inaiendesha vizuri Ryzen 5 3600 ya wati 65, lakini haifai kubebeshwa Ryzen 9 3950X yenye viini 16. Chipseti za A320 na A520 hazifungui kabisa kizidishi cha kasi ya prosesa. X570 inafungua, ila bodi zake nyingi za awali zina feni ndogo juu ya chipseti, na feni huchakaa, hasa penye vumbi. Kwa bodi inayotakiwa kudumu, B550 iliyojengwa vizuri ndiyo chaguo bora, mradi iitambue prosesa uliyo nayo.

Kumbukumbu ya DDR4 ikiendeshwa juu ya megahetsi 3200 nayo imezidishwa kasi, hata kama ni kwa kubofya mara moja ndani ya BIOS. Vijiti viwili, katika nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, hutulia kuliko vinne.

Kabla ya kununua, jaribu pawa saplai nyingine. Bodi nyingi husingiziwa kufa. Hifadhi ufunguo wa BitLocker unaofungua diski, kwani Windows inaweza kuuomba ikikuta bodi ngeni. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na pasta ya joto iliyokauka huing'oa prosesa pamoja na kipoza joto: kama mashine bado inawaka, ipashe moto kwanza, kisha zungusha kipoza taratibu kabla ya kukiinua.

Bodi ikishafungwa, iachwe kwenye mipangilio ya kiwandani ipite kipimo cha kumbukumbu cha MemTest86 usiku kucha, kisha saa kadhaa za kipimo cha prosesa cha Prime95 huku joto la transista likifuatiliwa. Hapo ndipo kasi huongezwa kwa megahetsi 25 au 50 kila hatua, na vipimo vyote hurudiwa. Kosa hata moja la MemTest86 linatosha kuishusha kumbukumbu kasi, kwa kuwa data iliyoharibika inaweza kuandikwa kwenye diski bila onyo lolote.