Kanisa la Urnes na Suala la Hifadhi

Kanisa la mbao la Urnes, katika kijiji cha Ornes nchini Norwei, lilijengwa yapata mwaka 1130. Mafundi wake walichukua mbao zenye nakshi za kanisa la karne ya 11 lililolitangulia, wakazipachika katika ukuta wa kaskazini. Kwa hiyo hifadhi ya kwanza ya Urnes ilikuwa kazi ya maseremala.

Sheria, kwa upande wake, iliyadhuru makanisa ya aina hii. Sheria ya mwaka 1851 iliagiza kila kanisa liweze kuchukua sehemu 3 kati ya 10 za wakazi wa parokia yake. Makanisa mengi madogo ya kale yakabomolewa. Leo yamesalia 28. Urnes lilipoacha kuwa kanisa la parokia mwaka 1881, lilitwaliwa na chama cha kuhifadhi majengo ya kale kilichoundwa mwaka 1844. UNESCO ikalitia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979.

Maseremala walihifadhi nakshi kwa kuitumia. Karne ya 19 ililihifadhi jengo lililokwisha kupoteza ibada zake za kawaida. Njia ya kwanza ndiyo bora, ijapokuwa ya pili ndiyo iliyowezekana.