Machungwa ya 1498 na udi niliomfukizia khalti

Kuna siku nilimtapisha khalti yangu kwa zawadi.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kemo yake ya pili. Nilipitia maduka ya Mji wa Kale nikamnunulia udi wa vipande, ule mzuri, nikakwea ngazi mpaka kwake Kibokoni nikijiona mtoto wa maana. Nikawasha makaa, nikaweka chetezo katikati ya chumba kama yeye anavyofanya kila Ijumaa. Moshi haujafika hata dirishani, khalti alikuwa ashakimbilia choo.

Aliporudi akakaa chini, akaniambia, "Mwanangu, usinione mbaya. Harufu hii naipenda tangu nikiwa mwari. Leo nimeikimbia kama moshi wa taka." Halafu akalia. Kutapika ashakuzoea. Alichokuwa akikililia ni udi wake.

Tangu siku hiyo nina swali: sisi watu wa Mombasa, tunaojisifu kwa ukarimu, tunajua kweli kumpelekea mgonjwa wa saratani kitu kitakachomfaa? Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinitafutie digrii. Lakini vitabu sijaacha, na hili swali limenirudisha nyuma sana kwenye historia yetu. Twende pamoja.

Pwani hii na zawadi ni mambo ya kale. Karne ya kwanza, mtu mmoja aliyejua bahari hizi aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa wafanyabiashara unaoitwa Periplus of the Erythraean Sea. Anataja bidhaa zilizoletwa pwani ya Afrika Mashariki: mikuki, mashoka, visu, vyombo vya kioo. Kisha anasema kuna mahali walileta divai kidogo na ngano, na hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kutafuta urafiki na wenyeji. Yaani katika maandishi ya mwanzo kabisa kuhusu pwani yetu, zawadi tayari ipo.

Ruka mpaka 1331. Ibn Battuta anafika Mogadishu na anapokewa na watu wa sultani kwa tambuu na popoo, kisha anamiminiwa mkononi marashi ya waridi yaliyotoka Damascus. Halafu anashuka kusini, analala Mombasa usiku mmoja, anaandika kuhusu ndizi na malimau yetu, anaendelea Kilwa. Angalia alivyokaribishwa: tambuu ni ya mdomo, marashi ni ya pua. Karibu miaka 700 baadaye, ingia nyumba yoyote ya Mji wa Kale yenye harusi, yenye mgeni au yenye mgonjwa. Utakuta nini? Udi, marashi, asumini, halwa, kahawa. Bado ni pua na ulimi. Pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizotuletea majahazi yenye vitu hivyo, na mila yetu ya kupendana imejengeka juu yake.

Sasa njoo kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama anatia nanga nje ya Mombasa. Mabaharia wake wengi walikuwa wameugua njiani. Daftari la safari yao linaeleza kuwa miezi michache nyuma watu walivimba mikono, miguu na fizi. Huo ni kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa mengi, ndimu na miwa, pamoja na pete ya kuonyesha amani. Usijidanganye, zile zilikuwa zawadi za siasa. Pande zote mbili hazikuaminiana, na kabla Wareno hawajaondoka kuna watu walioogelea usiku kwenda kukata kamba za nanga zao. Hayo ni ya siku nyingine.

Linalonigusa ni hili: mwandishi wa lile daftari anasema walipofika Mombasa wagonjwa wao wote walipona, na anamshukuru Mungu kwa sababu hewa ya mji wetu ni nzuri. Hewa! Bro, ni machungwa. Ilibidi ifike 1747 ndipo daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, awape mabaharia wenye kiseyeye tiba tofauti tofauti, aone kuwa waliokula machungwa na malimau ndio walioinuka haraka.

Kwa hivyo Mombasa iliwahi kumpa mgonjwa zawadi iliyomfaa kabisa, na pengine mtoaji hakujua. Machungwa yalikutana na ugonjwa unaoyahitaji. Ilikuwa bahati.

Sasa chukua machungwa hayo hayo, mpelekee mtu aliye kwenye kemo. Dawa nyingi za kemo hushambulia chembe zinazokua haraka, kwa sababu saratani nayo hukua haraka. Shida ni kwamba ngozi laini ya ndani ya mdomo pia hukua haraka, na mizizi ya nywele vilevile. Ndiyo maana watu hupata vidonda mdomoni na nywele hudondoka. Chungwa kwenye kidonda ni moto. Ladha hubadilika, wengine wanasema chakula chote ni kama chuma. Harufu zinakuwa adui, hata ya kitunguu kinachokaangwa nyumba ya jirani. Si kila mtu hupata yote haya, dawa zatofautiana. Lakini umeona tatizo? Kemo inapiga pua na ulimi, pale pale tulipoweka mapenzi yetu yote.

Khalti aliletewa halwa vikombe vinne. Aliletewa maboksi ya juisi ya kali kali, balungi (ambalo huvuruga kazi ya baadhi ya dawa mwilini), na chupa za dawa za miti shamba ambazo daktari hajaziona. Kila aliyeleta alimpenda, wallahi sina shaka. Na kila alipoondoka, khalti alibaki na deni la kujifanya amefurahi.

Basi tutupe mila? La. Kuna zawadi yetu moja ambayo haigusi pua wala ulimi, nayo imekaa sandukuni ikisubiri. Leso.

Neno lenyewe ni la Kireno, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo na kuviunga kuwa vazi, na kufika mwisho wa karne ya 19 zikawa zinachapishwa leso kamili. Pale Biashara Street duka la Kaderdina Hajee Essak, wengi mnalijua kwa alama ya Mali ya Abdulla, lipo tangu 1887, na inasemekana ndilo lililoanza kuweka maneno ya Kiswahili juu ya leso. Tangu hapo leso imekuwa mbeleko, shuka, pazia, kilemba, mpaka ya kumfunika maiti. Hakuna hatua ya maisha yetu isiyo na leso.

Na kwa mtu wa kemo? Nywele zikianza kudondoka, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu, leso ya pamba hushika kichwa vizuri, haitelezi kama satini na haichomi ngozi. Kwenye dripu ya saa nne chini ya kiyoyozi ni blanketi. Kwenye kiti cha plastiki ni mto. Ukitaka kubadilisha blauzi kwenye wadi yenye watu 20, ni pazia.

Ila kuna masharti. Kwanza ifue mara mbili bila sabuni ya kunukia, itoke ugumu na harufu ya rangi. Pili, soma jina lake. Leso inasema, hilo hata mtoto wa Mombasa anajua. Khalti aliletewa moja ambayo maneno yake yalikuwa ya buriani kabisa. Aliyeileta alipenda rangi, hakusoma. Khalti alicheka siku nzima, lakini hakuivaa.

La tatu ndilo nililojifunza kwake. Leso huuzwa pea, mbili zikiwa zimeungana. Khalti alipopewa pea nzuri aliikata, moja akajifunga kichwani, ya pili akanipa mimi. Akasema, "Na wewe unalala kwenye viti." Mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa amenikumbuka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejisahau. Ukimletea mgonjwa kitu, mletee na anayemuuguza.

Vingine vilivyotufaa nitavitaja haraka. Kipimajoto, hiki nakiweka juu ya orodha. Kemo inashusha kinga ya mwili, na joto likifika digrii 38 hiyo ni dharura, unaenda hospitali usiku huo huo, hungoji asubuhi. Ni kitu cha bei ndogo, na nyumba nyingi hakipo. Mswaki laini. Mafuta ya ngozi yasiyonukia. Soksi. Beseni dogo lenye mfuniko, na sihitaji kueleza kazi yake. Chaja yenye waya mrefu, kwa sababu soketi za wadini zipo mbali kila mara. Daftari la kuandika dawa, tarehe na maswali ya daktari, maana ukifika mbele yake maswali yote hupotea. Chupa ya chai yenye uji mwepesi, lakini muulize kwanza leo anaweza nini. Baadhi ya dawa hufanya hata kushika kitu baridi kuume. Jana alipenda ndizi, leo hataki kuiona.

Na maua? Muulize muuguzi kwanza, wadi nyingine hawayataki kwa sababu ya kinga ya wagonjwa. Ila ua moja la kwetu limeshaingia kwenye dripu bila kutuaga. Lile la pinki au jeupe lenye petali tano, linaloota makaburini na kando ya kuta, asili yake ni Madagascar, kisiwa jirani. Miaka ya 1950 watafiti wa Canada, Robert Noble na Charles Beer, walikuwa wakilichunguza kwa sababu ya sifa zake za kutibu kisukari. Wakaona linashusha chembe nyeupe za damu, na hapo ikapatikana vinblastine, kisha vincristine ikafuata kutoka mmea huo huo. Zote mbili ni dawa za saratani mpaka leo. Tafadhali usiende kulichemsha, ni sumu. Dawa hupimwa kwa miligramu.

Nimalize na zawadi ambayo haifungiki kwenye karatasi. Kwa miongo mingi mtu wa Mombasa aliyehitaji mionzi kwenye hospitali ya umma ilimbidi aende Kenyatta, Nairobi, kama kilomita 480. Mionzi si ya siku moja. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, wiki kadhaa. Basi la usiku kutoka Mwembe Tayari, tangu 2017 treni ya SGR, halafu ulale wapi? Walioponyoka katika zama hizo wengi waliponyoka kwa sababu kulikuwa na jamaa Eastleigh au South C aliyesema, "Njoo, godoro lipo." Ile godoro ilikuwa sehemu ya tiba sawa na mashine.

Sasa Coast General iko miongoni mwa vituo vya saratani vya mikoa, pamoja na Nakuru na Garissa. Kwa hivyo zamu imegeuka. Watu wa Lamu, Tana River, Kwale na Taita wanakuja kisiwani kwetu kutibiwa. Wengine wamepanga foleni feri ya Likoni alfajiri na mwili hauna nguvu. Sisi ndio jamaa wa mjini sasa. Una chumba? Una pikipiki? Una mia mbili ya tuktuk ya kutuma M-Pesa asubuhi ya kliniki? Hiyo ndiyo chungwa la leo, na safari hii hatuna haja ya kubahatisha.

Kwani kuuliza kunagharimu nini? "Khalti, leo nikuletee nini, na nisilete nini?" Ningeuliza hivyo siku ile, ningeokoa pesa zangu na chozi lake.

Yupo, alhamdulillahi. Kliniki yake ni Alhamisi, nami nakwenda naye na leso yangu begani. Ule udi nilitaka kuutupa, akanikataza. Nimeufunga kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Alisema atanijulisha.