Meza iliyozimwa mara mbili

Mwaka 2025 kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani, mmiliki wa mchezo wa Dungeons & Dragons, ilitangaza kuwa itaizima Sigil, meza yake ya kuchezea mtandaoni. Sigil ilikuwa imefunguliwa kwa umma Februari mwaka huo huo, na Machi wengi wa wafanyakazi walioijenga wakaachishwa kazi. Habari hiyo haikupata nafasi katika magazeti yetu, ilhali inamhusu yeyote hapa Bungoma au Kitale anayefikiria kuwakusanya wenzake kwa mchezo wa aina hii, kwa kuwa swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: tutachezea wapi?

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Watu wanne au watano huketi, kila mmoja na mhusika wake: mwindaji, mganga, mwizi. Msimamizi huwaeleza walipo na kinachowakabili, nao husema watafanya nini. Pakiwa na shaka, dadu hutupwa, mara nyingi ile ya pande 20, nayo huamua. Meza ya mtandaoni ni programu inayoweka ramani, wahusika na dadu mbele ya macho ya wote kwa wakati mmoja, hivyo aliye Kanduyi hucheza na aliye Kitale na ndugu yao aliyekwenda kutafuta kazi Doha.

Mwanahistoria Jon Peterson, katika kitabu chake Playing at the World cha mwaka 2012, anaurudisha ukoo wa mchezo huu hadi kwa maofisa wa jeshi la Prussia, waliojifunza vita juu ya meza kwa kanuni za Reisswitz za mwaka 1824. Kutoka hapo anafika Minnesota, ambako David Wesely aliendesha mchezo wake wa Braunstein mwaka 1969 na Dave Arneson akaanzisha mchezo wake wa Blackmoor. Januari 1974 Arneson na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza.

Safari ya kuingia kwenye kompyuta ilikuwa ndefu, ila haihitaji maneno mengi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Illinois waliandika michezo ya mapango kwenye mtambo wa PLATO miaka ya 1970. Mwaka 2004 meza ya mtandaoni ya Fantasy Grounds ilitoka Finland. MapTool ilifuata, ya bure, msimbo wake wazi kwa kila mtu. Mwaka 2012 Wamarekani watatu waliokuwa wamesoma chuo pamoja waliomba dola 5,000 kwenye Kickstarter ili wajenge Roll20, wakachangiwa karibu dola 40,000. Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, Andrew Clayton akaachilia meza yake, Foundry.

Wizards yenyewe ilikuwa wapi? Agosti 2007, katika maonyesho ya Gen Con mjini Indianapolis, iliahidi meza yake ya kidijitali kuandamana na toleo la nne la mchezo. Toleo lilitoka mwaka 2008 bila meza. Meza ilichelewa miaka, ikatolewa kwa majaribio, kisha mwaka 2012 ikafungwa, mwaka ule ule Roll20 ilipozaliwa. Sigil ni ya pili.

Kati ya meza hizo mbili kulitokea ugomvi ambao kila msimamizi wa mchezo anapaswa kuufahamu. Tangu mwaka 2000 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilikuwa chini ya leseni huria iliyosukumwa na Ryan Dancey wa Wizards. Ilimruhusu yeyote kuandika na kuuza visa vyake kwa kutumia kanuni hizo, na kampuni nyingi ndogo zilijengwa juu yake. Mwanzoni mwa Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilikusudia kuibatilisha ile ya zamani na kuwatoza mrabaha waandishi wenye mauzo makubwa. Wachezaji walifuta usajili wao wa D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ya kampuni hiyo, kwa wingi.

Kampuni ikarudi nyuma hatua moja na kutoa rasimu nyingine, safari hii ikiwa na sera mahususi ya meza za mtandaoni. Ikatoa mfano wa uganga uitwao Magic Missile, mishale ya nuru inayomrukia adui bila kumkosa. Ukiusimulia kwa mdomo, sawa. Ukitupa dadu za programu, sawa. Lakini ukiweka mchoro unaotembea, mishale ikaonekana ikiruka kwenye ramani, hapo kampuni ilisema umetoka kwenye meza na kuingia katika mchezo wa video, na leseni haikufuati huko. Wakati huo huo kampuni ilikuwa ikijenga Sigil, meza ya vipimo vitatu iliyojaa mapambo ya aina hiyo hiyo. Wenye meza ndogo waliona kwamba mpinzani wao ndiye anayechora mstari wa uwanja, na walikuwa na haki ya kukasirika. Katika maoni zaidi ya 15,000 yaliyokusanywa, asilimia 86 hawakuridhika na sera hiyo.

Januari 27, 2023 kampuni ilisalimu amri. Leseni ya zamani ikaachwa ilivyo, na kanuni za msingi, kitabu cha kurasa takriban 400, zikawekwa chini ya Creative Commons, leseni isiyoweza kutenguliwa. Anayezitumia anatakiwa tu kutaja zilikotoka. Julai mwaka huo zikatolewa pia kwa Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani na Kihispania. Kiswahili hakimo. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuzitafsiri, na idara zetu za Kiswahili, ile ya Chuo Kikuu cha Kibabii hapa mlangoni ikiwemo, zina watu wenye uwezo. Nasikitika kwamba kazi iliyo wazi kiasi hiki inangoja.

Turudi kwenye swali la wapi pa kuchezea. Roll20 hufunguka kwenye kivinjari, na msimamizi anaweza kuanza bila kulipa. Lakini kila kitu chake kinakaa kwenye seva za ng'ambo. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Kenya nzima ilihisi. Foundry hununuliwa mara moja, takriban dola 50, na ni msimamizi pekee anayelipa. Inakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ikishawashwa leseni, wachezaji walioketi nyumba moja huunganishwa kwa ruta, hata bando likiwa limeisha. Ugumu huja wachezaji wakiwa mbali: laini nyingi za simu hazimpi mtumiaji anwani yake ya wazi, hivyo aliye Kitale hawezi kuifikia kompyuta iliyo Bungoma bila njia ya kupitia, na njia hiyo mara nyingi hukodiwa. MapTool nayo hukaa kwa msimamizi, tena bila malipo, ila inadai uvumilivu wa kujifunza.

Nikiulizwa, nasema chagua inayokaa kwako. Watu wa Webuye waliona mwaka 2009 kiwanda cha Pan Paper kiliposimama na mji mzima ukasimama nacho. Meza iliyo mikononi mwa kampuni ya mbali huzimwa kwa tangazo moja, pamoja na ramani ulizochora na wahusika mliowalea miaka mitatu. Stima ikipotea, kipakatalishi chenye chaji kinaendelea.

Na visa vya kuchezea havihitaji kuagizwa. Masimulizi ya Wabukusu yanamtaja Mango, aliyeingia pangoni kulingoja joka lililokuwa likiwamaliza watu na mifugo. Lilipojipenyeza ndani alilikata kichwa, nacho kikarukia mti na kuung'ata, majani yakapukutika. Kwa ushujaa huo akatahiriwa, na tohara ya Wabukusu, inayofanywa kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, inasimuliwa kuanzia kwake. Anayetaka kukichora kisa hicho atahitaji giza linalofuata macho ya kila mhusika, ili Mango asilione joka kabla halijafika mlangoni. Kwenye Roll20 kifaa hicho kiliwekewa ada kwa miaka mingi. Foundry na MapTool zinacho tayari, na umbo la boma alilotoka Mango linaweza kupimwa kwenye nyumba za mfano zilizojengwa katika uwanja wa makumbusho ya Kitale.