Habu ya USB haizai stima: historia fupi kwa wanaorekodi muziki

Leo tuache programu kidogo, tuongee nyaya.

Chukulia umevuka kwa boti kutoka Mbita hadi kisiwa cha Takawiri, Homa Bay, kumrekodi mzee mpiga nyatiti. Nyatiti ina nyuzi 8, lakini mpigaji ni bendi nzima: vidole kwenye nyuzi, sauti yake, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ala. Unataka maikrofoni 3. Laptopu imebakiwa na tundu moja la USB, kwa hiyo unachomeka habu, yaani kile kisanduku cha kugawa tundu moja kuwa manne. Humo unaweka kadi ya sauti, kinanda na diski ya nje. Katikati ya wimbo kadi inapotea, na sifa alizotunga mzee papo hapo zimekwenda nayo.

Kosa ni la nani? Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1983 vyombo vya muziki vilipata lugha moja, MIDI. Waliosukuma sana jambo hilo ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Kebo yake ilibeba biti 31,250 kwa sekunde: amri tu, kama "piga noti hii". Kila kinanda kilileta chaja yake.

Januari 1996 ikaja USB 1.0. Sasa data na stima zikapita kebo moja, na kwa kutumia habu ungeweza kuunga hadi vifaa 127. Mwaka 1999 ukatoka utaratibu wa kupitisha MIDI ndani ya USB. Aprili 2000 USB 2.0 ikapandisha kasi kutoka megabiti 12 hadi 480 kwa sekunde.

Kasi ilipanda mara 40, lakini stima ilibaki pale pale: volti 5, miliampia 500 kwa tundu. Habu isiyo na chaja hujiwekea 100, na matundu yake manne hupewa 100 kila moja. Kadi inayolisha maikrofoni volti 48 hutaka zaidi ya hapo. Diski nayo ikianza kuzunguka, volti hushuka na kadi huzimika. USB 3.0 ya 2008 iliongeza hadi 900, lakini hesabu ni ile ile: habu hugawa, haizai.

Kwa hiyo:

1. Kadi ya sauti ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu.
2. Kinanda kidogo cha MIDI kinaweza kukaa kwenye habu.
3. Diski itumie habu yenye chaja. Pasipo na stima ya uhakika, rekodi ndani ya laptopu, nakili baadaye.
4. Jaribu dakika 10 vifaa vyote vikiwa vimewashwa, kabla mzee hajakaa kwenye kigoda.

Haya, tukutane wiki ijayo.